Alitabiri Chaguo la Vikings Bila Kukosea, Kumbe Kwake Anayechagua Alikuwa Mwingine

Ukimwambia mtoto wa Dar neno "drafti", akili yake inaenda moja kwa moja kijiweni: ubao, vizibo vya soda, na mzee mmoja anayekula kete tatu kwa mpigo huku anacheka. Marekani neno hilohilo ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2024 lilikusanya watu zaidi ya 775,000 katikati ya jiji la Detroit kwa siku tatu, na hapo hakuna mechi hata moja iliyochezwa.

Drafti ya NFL, yaani ligi ya futiboli ya Kimarekani, ni zoezi la timu 32 kupeana zamu ya kuchukua wachezaji wanaotoka vyuoni. Hakuna kugombania saini uwanja wa ndege kama Simba na Yanga. Mchezaji hasemi "mimi nataka timu ile". Kwa kawaida timu iliyoboronga zaidi inachagua kwanza, bingwa anachagua mwisho, na inakwenda hivyo raundi 7. Mchezaji anakaa na mama yake, kavaa suti, simu mezani, anasubiri jina lake.

Wabongo wenye kumbukumbu hawajamsahau Hasheem Thabeet. Mwaka 2009, kwenye drafti ya kikapu ya NBA, aliitwa wa 2, akawatangulia James Harden aliyeitwa wa 3 na Stephen Curry aliyeitwa wa 7. Yaliyofuata kila mtu anayajua. Sasa kama wanaolipwa mamilioni ya dola kuchagua wanakosea hivyo, sembuse mtu anayekisia sebuleni kwake? Lakini ndiyo utamu wenyewe. Miezi mitatu kabla ya siku yenyewe, Wamarekani wanakaa kuandika timu fulani itamchukua nani. Wengine wanafanya kwa raha, wengine kwa hela, wengine imeshakuwa ugonjwa.

Jamaa wa habari hii alikuwa kundi la tatu.

Ni mtoto wa Mbagala. Aliondoka Dar mwaka 2019, akatua Minnesota, ambako theluji haina aibu na mtu anaweza kumaliza wiki nzima bila kusikia Kiswahili kama hana Wakenya karibu. Alipata kazi wanayofanya wengi wakifika kule: kulea wazee, zamu ya usiku, kwenye nyumba moja pembeni ya St. Paul. Futiboli yao alikuwa haielewi. Aliiona ni watu wanaogongana, wanasimama, wanaongea, wanagongana tena.

Aliyemuingiza kwenye ugonjwa ni babu mmoja aliyekuwa anamhudumia. Babu ana miaka zaidi ya 80 na anaishabikia Minnesota Vikings tangu ianze kucheza mwaka 1961. Kwa asiyeijua, Vikings ni timu iliyofika fainali ya Super Bowl mara 4 na kufungwa zote 4. Shabiki wa timu kama hiyo hana sherehe za kombe. Ana siku moja tu ya uhakika kwa mwaka, siku ya drafti, kwa sababu siku hiyo hakuna anayefungwa.

Babu alikuwa na daftari. Kila mwaka aliandika humo Vikings watamchukua nani, kisha baada ya drafti anaweka tiki au mkasi. Jamaa alipoanza kujifunza, akaenda na staili ya vijana wote: kuangalia video za mchezaji zinazozunguka mtandaoni, anavyokimbia, anavyoruka, basi anakuja na jina. Babu akamkatisha.

"Unaanzia mwisho, kijana. Anza na anayechagua. Ana shida gani? Anaogopa nini? Na nani mwingine ana shida kama yake?"

Akampa mfano. Machi 2020 Vikings walimuuza mdakaji wao, Stefon Diggs, kwenda Buffalo, na katika malipo wakapata zamu ya 22. Shimo likawa wazi: timu haina mdakaji. Zamu ya 21 ilikuwa ya Eagles, nao walitaka mdakaji, wakamchukua Jalen Reagor. Vikings wakamchukua aliyebaki, Justin Jefferson wa chuo cha LSU, ambaye leo anahesabiwa kati ya wadakaji bora duniani. Babu alikuwa ameandika "mdakaji" kwenye daftari mwezi mzima kabla, tena bila kuangalia video hata moja.

Lakini hadithi jamaa aliyoipenda kuliko zote ni ya 2003. Mwaka huo Vikings walikuwa na zamu ya 7. Enzi hizo raundi ya kwanza kila timu ilipewa dakika 15. Wakawa wanahangaika kubadilishana zamu na Ravens, simu huku, simu kule, hawajaelewana, mara saa ikaisha. Hawajataja mtu! Jaguars wakakimbia mbele wakamchukua Byron Leftwich. Vikings bado wanajikusanya, Panthers nao wakapita na Jordan Gross. Ndipo Vikings wakaamka, wakamtaja Kevin Williams zamu ya 9. Nchi nzima ikawacheka. Halafu sasa: Williams akacheza Vikings misimu 11 na kuitwa Pro Bowl, kikosi cha nyota wa ligi, mara 6.

"Walichelewa na bado wakampata waliyemtaka." Jamaa alikuwa akiisimulia hiyo kila mahali, na kila mahali watu walicheka.

Mahali pamoja hapakuchekwa sana.

Dar kulikuwa na binti. Mwalimu wa sekondari Kigamboni, mtulivu, anayeongea kidogo na kukumbuka yote. Walikuwa pamoja tangu 2018, kabla jamaa hajapanda ndege, na penzi likahamia WhatsApp. Mwaka 2022 aliuliza wanafanyaje. Akajibiwa ngoja mambo yakae sawa. Mwaka 2023 akauliza tena. Akajibiwa nyumba ya Chamazi imefika kwenye lenta, ikishaezekwa tu, anakuja rasmi na ba'mdogo wake na wazee, mambo yanafanyika kwa heshima.

Na jamaa hakuwa tapeli, tuelewane hapo. Hakuwa na mtu mwingine kule. Makaratasi yake yalikuwa safi, angeweza kupanda ndege wakati wowote. Kilichomshika ni kile kinachowashika wengi walioko nje: aibu ya kurudi mikono mitupu. Mtu kakaa Marekani miaka mitano halafu anafikia kwa ba'mdogo, analala chumba kimoja na watoto? Mtaa utasema nini? Kwa hiyo kila dola iliyobaki ikawa mfuko wa saruji.

Januari 2024 binti akamwambia, kwa upole, kwamba nyumbani watu wameanza kuuliza. Jamaa akacheka, akamsimulia ile ya 2003. "Unaona? Walichelewa, na bado wakampata waliyemtaka."

Binti akasema, "Sawa." Wanaume wengi hawajui kuisoma "sawa" ya namna ile.

Basi, Machi ikaingia na Vikings wakapata tatizo la mwaka. Kirk Cousins, kwotabeki wao, yule anayerusha mpira na kuendesha timu nzima, akaondoka kwenda Atlanta Falcons kwa mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya dola milioni 180. Timu isiyo na kwotabeki ni daladala isiyo na dereva. Kazini kwa jamaa ukatengenezwa mkeka: watu 9, Wakenya, Waliberia, Wahmong, Wameksiko na yeye, kila mtu dola 20. Masharti: taja mchezaji wa kwanza Vikings watakayemchukua na zamu atakayochukuliwa. Ukipata vyote viwili, unaondoka na dola 180.

Vikings walikuwa na zamu ya 11 na ya 23. Karibu kila mtu aliamini watazifunga zote mbili, waongeze na za mwaka unaofuata, wapande hadi zamu ya 3, 4 au 5 kutafuta kwotabeki. Mantiki ilionekana nzuri: una shida kubwa, unalipa kikubwa.

Jamaa na babu wakakaa usiku mmoja na daftari, wakapita timu moja moja. Bears zamu ya 1, Commanders ya 2, Patriots ya 3: hawa wote wana njaa ya kwotabeki, hapo hakuna cha kuuziwa. Cardinals zamu ya 4 wanaye Kyler Murray. Chargers ya 5 wanaye Justin Herbert. Kuanzia hapo mpaka Jets kwenye zamu ya 10, ambao walikuwa na Aaron Rodgers, wengi tayari walikuwa na mtu wao. Ila nyuma ya Vikings je? Broncos zamu ya 12, hawana mtu. Raiders zamu ya 13, hawana mtu.

"Hatari haiko mbele yao," babu akasema. "Iko nyuma. Anayeweza kuwaumiza ni yule wa nyuma akiruka na kukaa mbele yao."

Timu zina jedwali la kupimia thamani ya zamu, lililopata umaarufu wakati wa kocha Jimmy Johnson wa Dallas Cowboys mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zamu ya 1 ina pointi 3,000. Zamu ya 10 ina 1,300, ya 11 ina 1,250. Kusogea hatua moja ni bei ya kahawa ukilinganisha na kupanda hadi juu. Na babu hakuwa mtu wa kushabikia malipo makubwa. Mwaka 1989 Vikings walitoa wachezaji na rundo la zamu kwa Dallas ili wampate Herschel Walker mmoja. Dallas wakazitumia kujenga timu iliyobeba Super Bowl 3 ndani ya misimu 4. Babu akilitaja jina hilo mpaka leo anaweka kikombe chini kwanza.

Jamaa akaandika kwenye mkeka: J.J. McCarthy, chuo cha Michigan, zamu ya 10. Wenzake wakamuuliza kama anajua kuhesabu, maana Vikings wana 11, siyo 10. Akawaambia subirini.

Raundi ya kwanza ilikuwa Alhamisi, Aprili 25, saa 1 jioni Minnesota. Dar ilikuwa saa 9 usiku kuamkia Ijumaa, tarehe 26, sikukuu ya Muungano, tena Muungano wa 60. Shule zimefungwa, kwa hiyo binti aliweza kukesha. Masika ilikuwa imekolea, mvua inapiga bati mpaka jamaa anaisikia kwenye simu. Alikaa naye hewani, video inakatika na kurudi, akielezwa nani ni nani.

Bears wakamchukua Caleb Williams. Commanders, Jayden Daniels. Patriots, Drake Maye. Zamu ya 4, ya 5, ya 6, Vikings kimya. Hapo mikeka ya wengi ilikuwa imeshachanika. Kisha zamu ya 8 ikatokea kituko. Falcons, walewale waliotoka kumlipa Cousins milioni 180, wakachukua kwotabeki mwingine, Michael Penix Jr. Watangazaji wakabaki midomo wazi. Jamaa akaanza kutoka jasho kwenye nyumba yenye theluji nje ya akili tu, maana Aprili ile haikuwa na theluji: kama Falcons wamefanya hivyo, nani mwingine atafanya?

Halafu ikatangazwa. Vikings na Jets wamebadilishana. Vikings wametoa zamu ya 11 pamoja na ya 129 na ya 157, wamepewa ya 10 na ya 203. Jina: J.J. McCarthy.

Jamaa aliruka mpaka simu ikaanguka. Alipoiokota, binti alikuwa anamtazama tu.

"Kwa hiyo wametoa vitu vyote hivyo ili wasogee hatua moja?" akauliza.

"Hatua moja tu, mama! Unaelewa sasa akili yake?"

"Kwa nini wasingesubiri? Si zamu yao ilikuwa inafuata?"

"Waliogopa kuna mtu angewawahi."

Mvua ikasikika kwa muda. Kisha binti akauliza, taratibu kabisa:

"Na wewe hujawahi kuogopa?"

Ndipo akamwambia. Baada ya Idi, barua ya posa ilikuja nyumbani kwao. Mfanyabiashara wa Kariakoo, mtu mzima mwenye adabu, duka lake mwenyewe. Mshenga alikaribishwa vizuri. Baba yake aliomba muda, akasema jibu litatoka baada ya Muungano. Na Muungano ulikuwa saa ile ile unaingia, maana adhana ya alfajiri ilianza kusikika huku wanaongea.

Jamaa akajaribu kusema kitu. Hakikutoka.

Kesho yake akaenda kazini akiwa na dola 180 mfukoni na uso wa msiba. Babu akaweka tiki kwenye daftari, akamwangalia, akauliza nani kafariki. Jamaa akaeleza yote, na mwisho, kama mtu anayejifariji, akasema hata 2003 walichelewa na wakampata waliyemtaka.

Babu akafunga daftari.

"Ile walibahatika. Jaguars walitaka kwotabeki. Panthers walitaka mtu wa ukuta. Waliopita mbele yao hawakumtaka Williams. Wangemtaka, nisingekuwa nakusimulia nikicheka." Akanyamaza kidogo. "Wako wewe, kuna anayemtaka."

Dakika ile jamaa akatoka nje kupiga simu Temeke. Ba'mdogo akapewa maelezo, akagomba kwanza kwa dakika tano ("miaka yote hiyo ulikuwa unasubiri nini, wewe mtoto?"), halafu akamtafuta mshenga. Jumamosi barua ikapelekwa, na kishika uchumba ndani, kila kitu kwa utaratibu. Jioni ba'mdogo akarudisha jibu: mzee kaipokea, kashukuru, na kasema barua zote mbili zipo mezani na anayeamua ni binti.

Jamaa akampigia binti akiwa na nguvu mpya. Akaanza kumweleza kama meneja aliyemaliza usajili: nimetuma mshenga, nimetuma kishika uchumba, nyumba ikiezekwa mwezi wa kumi na mbili...

Binti akamkatisha. "Unajua wewe unadhani ndiyo timu?"

"Sasa timu nani?"

"Mimi."

Kimya.

"Zile shida za timu yako unazijua kwa kichwa," akaendelea. "Kwotabeki, ukuta, beki wa pembeni. Umenisomea mara ngapi? Haya, nitajie zangu tatu."

"Nyumba..." jamaa akaanza.

"Nyumba ni shida yako wewe. Mimi sijawahi kukuomba nyumba."

Hapo ndipo mtabiri wa Mbagala alipokwama. Mtu anayeweza kukwambia timu ya Denver inakosa nini usiku wa manane, mwanamke aliyeongea naye kila siku kwa miaka mitano hajui anakosa nini. Hakuwahi kuanza na anayechagua, maana hakuwahi kufikiri kwamba huyo mwingine anachagua.

Binti akamtajia mwenyewe. La kwanza, hataki kuacha kufundisha, na yule wa Kariakoo alishasema kwa mshenga kwamba mke wake hatafanya kazi. La pili, anataka mtu anayekuja, hata kama anakuja na begi moja. "Mshenga wako nimemwona. Wewe sijakuona tangu 2019." La tatu, chochote kitakachoamuliwa kiwe na tarehe. Siyo "ngoja". Tarehe.

Barua ya Kariakoo ilirudishwa kwa heshima wiki hiyohiyo. Ila ya jamaa haikujibiwa. Iliwekwa.

Akakata tiketi ya Agosti. Zile dola 180 ziliingia humo, na hela ya bati yote ikaingia humo, na nyumba ya Chamazi ikabaki kwenye lenta ikinyeshewa. Alifikia kwa ba'mdogo, akalala chumba kimoja na watoto. Mtaa ulisema siku mbili, ukapata habari nyingine.

Kule Marekani, kabla ya drafti, wachezaji wanaitwa Indianapolis kwenye zoezi la kupimwa: urefu, mbio, misuli, kisha wanaingizwa vyumba vya mahojiano timu ziwahoji mpaka mambo ya kwao. Jamaa alipata Indianapolis yake Temeke. Kiti cha peke yake, mbele baba mkwe mtarajiwa, pembeni mashangazi wawili ambao hawakucheka hata mara moja. Una madeni? Ukifukuzwa kazi kule utafanya nini? Huyu mtoto atakaa huku mpaka lini kabla hujamchukua? Ulikuwa unamuogopa nani kuja? Alijibu moja moja. La mwisho alijibu ukweli: aliogopa kuonekana hana kitu. Shangazi mkubwa akamwambia, "Sasa tumekuona huna kitu. Umekufa?"

Akiwa kwenye kikao kingine sebuleni palepale, katikati ya Agosti, simu ikaanza kutetemeka mfululizo. Ujumbe kutoka Minnesota, wenzake wote wa mkeka. Akabadilika sura.

"Nani kafa?" baba mkwe akauliza.

"Hakuna, mzee. Ni goti."

"Goti la nani?"

McCarthy aliumia goti kwenye mechi yake ya kwanza ya maandalizi, akafanyiwa upasuaji, msimu mzima ukaenda. Chaguo alilolitabiri sawasawa, lililomfanya aruke mpaka simu ikaanguka, halikucheza hata mechi moja ya ligi mwaka huo. Aliyeshika usukani ni Sam Darnold, kwotabeki aliyechukuliwa wa 3 mwaka 2018 na Jets, akazunguka timu kadhaa akionekana kashindikana, akaletwa kwa mkataba wa mwaka mmoja wa kujishikiza. Vikings wakashinda mechi 14, wakafungwa 3. Hakuna mkeka uliokuwa na hiyo.

Ndoa ilifungwa mwisho wa Agosti, ndogo, pilau na maturubai mawili. Jamaa alirudi kazini baada ya wiki moja. Binti alibaki Dar na shule yake, wakaanza safari ya makaratasi ya kumhamisha, ambayo haina saa ukutani wala anayekutajia dakika zimebaki ngapi. Lakini safari hii wana tarehe zao wenyewe: Julai anakuja yeye, Desemba anakwenda yule. Zimeandikwa.

Aprili 2025 drafti ikahamia Green Bay. Vikings waliingia na zamu 4 tu, ya kwanza ikiwa ya 24. Mkeka ukatengenezwa tena, na safari hii watu 10, maana mwalimu wa Kigamboni naye aliomba aandikwe. Jamaa akatabiri beki wa nyuma. Mkewe akasema ukuta: mmoja wa wale majitu wanaomlinda kwotabeki.

"Ukuta tumeshanunua wawili Machi," jamaa akamwelekeza, sauti ya mtaalamu.

Mkewe alikuwa ameangalia mechi moja tu ya Vikings maisha yake yote, ile ya mtoano ya Januari waliyofungwa na Rams 27 kwa 9. Hakukumbuka jina la mtu. Alikumbuka kitu kimoja: kwotabeki aliangushwa mara 9.

"Na sasa anarudi yule wa goti," akasema. "Wewe ungekuwa unamsubiri mtu wako apone mwaka mzima, ukuta wa watu wawili ungekutosha?"

Ilipofika zamu ya 24, Dar kulikuwa kunakaribia kupambazuka. Vikings wakamtaja Donovan Jackson wa chuo cha Ohio State. Mtu wa ukuta.

Jamaa alikaa kimya Minnesota. Babu, alipoambiwa kesho yake, aliuliza jina la mwanamke huyo linaandikwaje, akaliweka kwenye daftari juu ya lake. Na mwenyewe mshindi hakusubiri pongezi. Alikuwa na kipindi cha kwanza. Alituma ujumbe mmoja akiwa kituoni anasubiri daladala: "Hela yangu tuma kwa M-Pesa. Na usikatwe makato ukasema ni mimi nitalipa."